Nyoka wa Sebuleni

Jumatatu, 7 Juni 1993

Mchezo umevunjika leo saa kumi alasiri, sebuleni kwetu Chang'ombe, kwa sababu ya nyoka. Nyoka wa kwenye karatasi. Nieleze vizuri, maana shajara hii ikisomwa na mtu mwingine ataniona nimechanganyikiwa.

Kitabu cha mchezo aliniletea Mjomba Fakihi, baharia. Aliona picha za wanyama akadhani ni cha baiolojia. Kumbe ni mchezo wa kusimuliana: mmoja ni msimamizi, anaeleza msitu na hatari zake, wengine ni wapiganaji, wanasema watafanya nini. Kila kiumbe kitabuni ni wa kawaida au wa ajabu. Wa kawaida hufa kwa mkuki. Wa ajabu mkuki haumdhuru.

Msimamizi ni mimi, Mudathir; wapiganaji ni rafiki zangu Revelian na Naima. Darasani sijanyoosha kidole tangu Kidato cha Kwanza. Nikiulizwa jina langu huwa nalitafuta kwanza. Lakini nikishika kitabu kile sauti hutoka yenyewe, hata Naima hunyamaza. Kwa saa hizo mbili za kila wiki namshukuru Mungu.

Leo mpiganaji wa Revelian ameingia kibandani, akakuta nyoka, akamchoma mkuki. Nikasema mkuki haukumdhuru: nyoka aliyeingia ndani ni wa ajabu. Revelian akataka nimwonyeshe ukurasa. Kitabu kinasema nyoka ni wa kawaida. Nikasema kitabu kimeandikwa na watu wasiomjua Bibi Mauwa. Bibi yangu anasema nyoka akiingia ndani hapigwi. Anaombwa mara tatu aondoke, maana huenda si nyoka, ni jini. Revelian akasema kwao Bukoba nyoka ni nyoka, anaombwa kwa fimbo. Naima, ambaye kwao pia nyoka huombwa, akauliza jambo baya zaidi: nyoka huyohuyo anabadilika akivuka kizingiti?

Nikafunga kitabu. Wamenipa hadi Jumamosi. Nisipopata sheria inayoshika, Revelian atakuwa msimamizi, nami nitarudi kuwa kimya siku saba za wiki. Hata hivyo nashukuru: Revelian alileta karanga, na hakuondoka nazo.

Jumanne, 8 Juni

Mpango wa kwanza. Daftari jipya, safu mbili: Kawaida na Ajabu. Viumbe sitini na mmoja. Nikampelekea Bibi ahakiki, kwa kuwa Naima humwogopa na Revelian humheshimu.

Kosa. Bibi akasema kuku ni wa kawaida, ila mweusi asiye na mwenyewe. Mbuzi ni wa kawaida, ila akikutazama sana. Kinyonga asiandikwe kabisa, tutamuudhi. Hadi adhuhuri viumbe arobaini na wanane walikuwa kwenye safu ya tatu, niliyoiita Inategemea. Kisha Bibi akaniita mume wake, akauliza kama nimekula, akanipa mihogo ya nazi. Kuna watu hawana bibi. Nashukuru, ingawa ameniharibia daftari.

Alhamisi, 10 Juni

Mpango wa pili. Mwalimu Theonest wa baiolojia anakaa karibu na viwanda. Nilimkuta anapaka geti rangi. Shikamoo ilitoka vizuri. Yaliyobaki yakakwama, ikabidi nimpe karatasi. Nilikuwa nimeandika: Naomba uthibitishe kwa sahihi yako kwamba nyoka wa ndani ni kiumbe wa ajabu.

Akasoma mara mbili. Akasema miaka kumi na minane ya ualimu hajaombwa kusaini kitu cha namna hiyo. Kisha akauliza, taratibu, mimi mwenyewe nikimkuta nyoka sebuleni nitafanya nini. Nikasema nitakimbia. Akasema basi nianzie hapo, kwenye kile mtu anachofanya. Sikumwelewa. Lakini alinipa maji ya friji yenye barafu, akaniita kijana wangu. Nashukuru.

Ijumaa, 11 Juni

Mpango wa tatu, na huu hauna kasoro. Hoja zikishindwa, ushahidi.

Fundi baiskeli amenipa mpira wa ndani uliochoka. Nimeukata, nimeupaka mistari ya chokaa. Kamba ya nailoni itapita chini ya kochi hadi uani, nitakapojificha. Kesho Revelian ataingia, atamwona nyoka, atasahau fimbo, atamwomba aondoke. Nami nitavuta. Nyoka atatoka kwa adabu. Bibi atakuwa Temeke kwenye maulidi hadi magharibi.

Jumamosi, 12 Juni

Bibi alisahau miwani.

Alirudi saa kumi kasoro dakika chache. Nilimsikia akipiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, kama kawaida yake. Kisha sauti nyembamba nisiyoijua: mgeni, kama umetumwa, tunakuomba utoke kwa amani. Nikavuta ili atoke haraka. Kamba ikanasa kwenye mguu wa kochi. Bibi akaomba mara ya pili. Nikavuta kwa nguvu, mpira ukaruka ukaangukia miguuni pake.

Hapo nilitakiwa kusema ni mimi. Maneno mawili tu. Hayakutoka. Nilisimama uani na kamba mkononi, mdomo wazi, kama darasani.

Aliyeingia ni Revelian, Naima nyuma yake. Fimbo ya ufagio ilikuwa pale mlangoni. Hakuigusa. Alisimama mbele ya Bibi, akatandaza mikono kumkinga, akamwambia nyoka: shikamoo mzee, tunaomba utupishe. Mara ya tatu ikatimia. Kamba ikaachia. Nyoka akatoka mbio kwa mlango wa uani, akanipiga usoni.

Naima alimfuata nyoka, akamwinua, akanionyesha mahali pa kujazia upepo.

Nikaingia ndani, nikapiga magoti mbele ya Bibi, na sauti ikaja bila kitabu. Nilisema yote, kuanzia karatasi ya Mwalimu hadi nailoni. Bibi alinichapa begani kwa ncha ya khanga, akasema ameolewa na mjinga, kisha akacheka hadi akatafutiwa kiti. Revelian akapewa halua yote ya maulidi. Naima akamwambia, nshomile, msomi wa Bukoba, umeamkia tairi. Revelian akajibu hakupata nafasi ya kuliuliza umri.

Baadaye akasema, kwa sauti ya chini, kwamba angelipiga, ila alimkuta Bibi ameshaanza kuzungumza nalo. Hapo nikamwelewa Mwalimu. Nikatamka sheria: kiumbe uliyempiga kwanza ni wa kawaida, uliyemsemesha kwanza ni wa ajabu, na mkuki uwekwe chini. Kizingiti hakihusiki. Naima akaijaribu kwa kuku, kwa mbuzi, kwa kinyonga. Ikashika.

Nimebaki msimamizi, kwa sharti moja. Nimeapa mbele ya Bibi kwamba sitatengeneza tena mnyama wa uongo. Namshukuru Mungu, na zaidi namshukuru Revelian, aliyesimama pale nilipotakiwa kusimama mimi.

Jumapili, 13 Juni

Revelian ameuliza kuhusu popo. Ananing'inia kichwa chini. Nani atampiga, nani atamsemesha? Tumebishana hadi alasiri. Hatuwezi kujua bila kuona mtu anafanya nini hasa.

Nimefikiri sana juu ya kiapo. Nilisema mnyama. Popo anaruka, kwa hiyo ni karibu na ndege.

Baba ana mwavuli mweusi, wa aina ile ukibonyeza unafunguka wenyewe. Juu ya mlango wa jikoni kuna msumari imara. Namshukuru Mungu kwa msumari.