Baiskeli Kumi na Moja za Mwanda

Alvin Mwadime alikuwa na imani moja maishani, na aliishika kuliko wengi wanavyoshika dini: kwamba yeye na jembe walishaachana na hawangerudiana kamwe. Waliachana kule Bura, asubuhi moja ya ukungu, pale nyanya yake Abigael alipobisha mlango saa kumi na moja alfajiri ili aamke akalime matuta ya viazi. Alvin aliamka kweli. Akavaa viatu vyake vya kanisani, akapita mlango wa nyuma, akateremka hadi Voi bila kuaga. Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita. Tangu siku hiyo viganja vyake vilikuwa vimelainika, na ukucha wa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia aliufuga ukawa mrefu, akaupaka rangi isiyoonekana sana, ili kila mwenye macho ajue kwamba huyu hapa ni mtu asiyelima.

Lakini mtu asiyelima naye hula. Ndiyo maana siku moja, akiwa amekaa kwa Nthambi, mama wa chapati karibu na soko la Voi, Alvin aliona kitu ambacho wengine wote hawakukiona. Mwenye duka la jirani alikuwa anafunga biashara, na nje ya mlango alikuwa amepanga masanduku kumi na manne ya baiskeli za watoto, zile za magurudumu matatu. Kila sanduku lilikuwa na picha ya mtoto mnono anayecheka. Mwanamke mmoja wa makamo alisimama mbele ya picha ile, akatabasamu peke yake, akapapasa fundo la leso yake, kisha akaenda zake kwa shingo upande.

Wapita njia waliona baiskeli. Alvin aliona nyanya, tena wengi.

Masanduku yote kumi na manne akayachukua kwa bei ya kutupa. Alasiri hiyo hiyo, nyuma ya kibanda cha Nthambi, aliyafungua kwa wembe upande wa chini, moja baada ya jingine, akatoa kipakiti kidogo cha nailoni chenye nati na bolti zote, kisha akayabandika tena kwa gundi. Ilikuwa kazi ya uangalifu mkubwa. Laiti angeiweka bidii ile kwenye jambo la halali, huenda leo angekuwa na cheo serikalini.

"Alvin," Nthambi alimwambia huku akigeuza chapati, "wewe unauzia watu baiskeli ama unawauzia shida?"

"Nauza baiskeli, Nthambi. Shida napeana bure."

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Mteja ananunua kwa bei nzuri, anafika nyumbani, anafungua sanduku, anakuta magurudumu huku na mwili wa baiskeli kule, na hakuna cha kuviunganisha. Anarudi Voi. Alvin anashika kichwa, anasikitika karibu kulia, anasema nati si idara yake, nati ni za Fundi Bravin, mtaalamu aliyesomea Nairobi na kidogo Uchina. Anamwambia mteja aketi. Yeye anazunguka nyuma ya kibanda, anavaa ovaroli, kofia na miwani, kisha anarudi akichechemea, naye sasa ni Bravin. Pakiti ya nati ya Bravin ilikaribia bei ya baiskeli yenyewe.

"Na hakuna anayekujua?" Nthambi aliuliza.

"Fundi hatazamwi usoni. Watu wanatazama mikono yake, wanangoja kuona itatoa nini mfukoni."

Hayo aliyasema mwenyewe, kwa kinywa chake. Tutayakumbuka baadaye.

Wateja watatu wa hapo mjini walinunua, wakarudi, wakamlipa Bravin, wakashukuru. Kisha Penina wa Mwanda akanunua moja, na homa ya magurudumu matatu ikapanda mlimani. Sasa, Mwanda ni mahali ambapo hata kuku husimama ameinamia upande mmoja. Tambarare ni ya kutafuta. Lakini nani alikuwa na muda wa kuwaza hayo? Mjukuu wa Penina alikuwa na baiskeli, basi wa Lois awe na nini, na wa Pauline atembee kwa miguu kwa kosa gani? Wakashuka kumi, kila mmoja siku yake. Na kila mmoja, Penina naye, akashuka tena kufuata nati, akatajiwa bei na Fundi Bravin, akashindwa kulipa, akarudi mlimani mikono mitupu na siku nzima imepotea.

Wala hawakuambiana. Hapo ndipo Alvin alipokuwa na bahati ya mwizi. Ni nani angekubali mbele ya majirani kwamba ameuziwa sanduku la vyuma? Kila nyanya alisukuma sanduku lake chini ya kitanda na kusema mtoto bado mdogo, anangojwa akomae miguu.

Sanduku la mwisho lilinunuliwa Jumanne na wa kumi wao, Mama Gertrude, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa karani wa stoo katika shule moja ya upili. Alikuwa na mjukuu wa miaka miwili, Daisy, na alikuwa amemwahidi. Alilizunguka sanduku mara tatu kabla ya kufungua mdomo.

"Hii iko na rangi gani ndani?"

"Nyekundu, mama. Rangi ya furaha."

"Na kengele?"

"Kengele iko, kikapu kiko, kiti kimewekwa sponji. Huyu mtoto akikaa hapa hatataka kushuka kula."

"Na breki?"

Baiskeli ile haikuwa na breki tangu kuumbwa kwake.

"Hizi za kisasa, mama, breki ziko ndani. Hazionekani."

"Nauliza kwa sababu kwetu ni Mwanda. Mtoto akipanda hii mbele ya nyumba yangu, atafika Voi kabla yangu."

"Basi utakuwa umeokoa nauli yake," Alvin akasema, na Mama Gertrude akacheka mpaka akashika mbavu, akalipa kwa simu, akaondoka na sanduku kichwani. Alvin alimpenda kabisa. Hakuna anayependwa na tapeli kama mteja mcheshi.

Alhamisi alirudi, hakuwa anacheka. Daisy alikuwa amelala amekumbatia gurudumu, alisema, na akiamka analia akiuliza la pili liko wapi. Alvin akashika kichwa, akasikitika, akazunguka kibanda. Bravin akaja akichechemea, akatoa pakiti mfukoni na kuishika juu kama padri aliyeshika sakramenti.

Mama Gertrude hakuitazama pakiti. Aliutazama mkono.

"Una mikono mizuri, fundi," alisema polepole.

"Ni mafuta ya mashine, mama. Yanalainisha."

"Leo sina kiasi hicho. Lakini nipe namba yako. Nikutumie hata ya soda, umetembea na huo mguu wako mbaya."

Bravin akataja namba yake ya pili. Soda ikaingia. Ujumbe wa kuthibitisha ulipofika kwenye simu ya Mama Gertrude, aliusoma, akapangusa miwani yake kwa leso, akausoma tena. Kisha akaaga kwa heshima zote, akapanda kwao.

Ijumaa jioni Bravin akapigiwa simu.

"Fundi, hujambo? Kumbe tuko wengi huku! Kina mama kumi na mmoja, wote masanduku yamelala ndani. Njoo kesho na nati zote, utufungie mpaka ziishe. Tutakulipa kama tunavyolipana wenyewe kwenye kikundi chetu."

Alvin alisikia neno kikundi, na moyo ukamruka. Alijua vikundi vya akina mama. Vina sanduku la bati lenye kufuli tatu. Nthambi alimwonya.

"Utapanda mlimani na hiyo ovaroli? Wakikujua je?"

"Nthambi, mimi nazungumza na watu waliokubali breki za ndani."

Jumamosi saa tatu asubuhi Fundi Bravin alikuwa kwenye uwanja wa kanisa la Mwanda, mahali pekee pa kusimamisha kitu cha magurudumu kikakubali kukaa. Chini ya ovaroli alikuwa na shati jeupe, na miguuni viatu vyake vya kanisani, maana alikusudia kuteremka Voi moja kwa moja kwenda kujipongeza. Kina mama walikuwa wamepanga masanduku mstari mmoja. Penina, aliyekuwa na maneno makali kuliko wote, alimpokea kwa kumtukania muuzaji.

"Yule kijana wa Voi ni mwizi, fundi! Tena ana mdomo!"

"Mwizi kabisa," Bravin akakubali kwa uchungu. "Watu kama hao wanatuharibia jina sisi mafundi."

"Angekuwa hapa tungemfanya nini?"

"Mngemtia adabu, mama. Msingemwonea huruma."

"Mmesikia?" Mama Gertrude akawaambia wenzake. "Fundi mwenyewe amesema."

Alvin aliomba walau pesa za nati zitangulie. Akaambiwa kazi kwanza, mambo mengine jioni, ndivyo wanavyofanya siku zote. Basi akapiga magoti kwenye changarawe. Ikatokea kwamba kufunga baiskeli moja na kufunga kumi na moja ni mambo mawili tofauti kabisa. Gurudumu la mbele halikutaka kuingia kwenye uma wake mpaka lipigwe. Pedali ya kushoto ilijifanya ya kulia. Mchoro wa maelezo ulionyesha mshale ukitoka kwenye kiti kwenda mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kufikia saa sita jasho lilikuwa linamtiririka mpaka ndani ya miwani, na Daisy, aliyekaa mbele yake akitafuna mahindi ya kuchemsha, alikuwa akimpa kila nati isiyotakiwa.

Saa kumi baiskeli kumi na moja zilisimama uwanjani, nyekundu tupu. Watoto wakapandishwa. Wengine walisukuma kwa miguu, wengine walikaa tu wakipiga kengele, na Pauline akalia machozi waziwazi, akasema hakujua kama angeiona siku hii. Hata Alvin alijikuta anatabasamu. Haikumtokea mara nyingi kuona kitu alichokiuza kikifanya kazi.

Wakamletea kimanga ya moto, mihogo iliyopondwa na maharagwe mengi, ambayo hakuwa ameila tangu Bura. Akala sahani moja. Akaongezwa ya pili. Kisha akajifuta mdomo na kukohoa kidogo.

"Sasa, kina mama. Kuhusu malipo."

"Malipo gani?" Mama Gertrude akauliza.

"Ya leo. Mlisema mtanilipa kama mnavyolipana kwenye kikundi."

"Ndiyo. Na umekula sahani mbili."

Mtu aliyekulia Bura angepaswa kushtuka tangu kwenye simu. Kikundi cha Mwanda hakikuwa na sanduku la bati wala kufuli tatu. Kilikuwa kikundi cha kulimiana: leo shamba la Penina, kesho la Lois, siku kwa siku, na jioni mwenye shamba anapika. Pesa haitajwi. Alvin aliyajua haya tangu utotoni, ila miaka tisa ya kucha ndefu ilikuwa imeyafuta.

"Mama, mimi ni fundi, mimi si..."

"Keti, Alvin."

Aliketi. Mama Gertrude alitoa simu yake, akasoma kwa sauti ya karani aliyehesabu sufuria za shule miaka thelathini.

"Jumanne nimelipa muuzaji, simu ikaniandikia Alvin Mwadime. Alhamisi nikamtumia Fundi Bravin soda, simu ikaniandikia Alvin Mwadime. Nikasema, aa! Hawa wawili wamezaliwa siku moja na mama mmoja, tena wana ukucha mmoja."

Kina mama walikuwa wamesogea. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha. Alivua miwani, maana haikuwa na kazi tena.

"Nitarudisha pesa," alisema kwa sauti ndogo.

"Pesa tulinunulia baiskeli, na baiskeli hizi hapa. Hatudai pesa. Kila mmoja hapa alishuka Voi kufuata nati akarudi bure. Hizo ni siku kumi na moja za shamba. Na sisi siku tunalipana kwa siku. Ya leo tumekuhesabia. Zimebaki kumi." Akaifunga simu kwenye leso. "Ama tuteremke kituo cha polisi na hizi namba mbili, tuwaulize wao wanahesabu namna gani. Chagua."

"Mimi silimi, mama," Alvin akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anasema kweli. "Niliacha. Niliapa."

"Abigael wa Bura aliniambia hivyo hivyo. Tuliimba naye kwaya, na jina la mjukuu wake aliyetoroka nalijua. Jana nilimpigia simu, akalia, akauliza kama umekonda." Mama Gertrude akamwashiria Lois, ambaye alikwenda nyuma ya kanisa na kurudi na kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia. "Amekutumia hili. Anasema aliliweka darini miaka yote tisa, akijua utalihitaji."

Alvin alifungua gunia. Alilijua lile jembe kwa pengo lake la pembeni. Mpini ulikuwa mpya. Pauline, bila kuulizwa, akatoa mkasi kwenye mkoba, akamshika kidole cha mwisho, na kwa upole kabisa akaukata ule ukucha.

Jumapili alipumzishwa, maana Mwanda ni watu wa dini. Alilazwa kwenye stoo ya Mama Gertrude, katikati ya masanduku matupu yenye watoto wanaocheka, na usiku kucha alipanga jinsi ya kutoroka kabla hakujapambazuka. Njia aliijua. Alishaipita kutoka mlima mwingine, kule Bura.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri mlango ukabishwa.

"Alvin! Amka. Viazi vya Penina vinakungoja."

Aliinuka haraka, akapapasa chini ya kitanda akitafuta viatu vyake vya kanisani. Palikuwa na gambuti za kuazima, kubwa kwa namba mbili. Nje, kwenye baridi, Daisy alikuwa ameketi juu ya baiskeli yake nyekundu akipiga kengele, na kwenye kikapu cha mbele, vimepangwa vizuri kabisa, ndimo vilimokuwa vile viatu.