Okidi ya Matuta ya Tuckwell

Jumanne, 9 Septemba
Daktari amenipa miezi miwili ya kuishi huku akitazama saa yake. Basi niungame. Lile ua adimu, okidi “niliyoigundua” kwenye matuta ya mchanga mwaka 1984 niliipanda mwenyewe, kutoka kwenye chungu cha dirishani. Ilikufa mwaka uleule. Kibao chenye jina langu bado kipo: MATUTA YA TUCKWELL. Sasa Nola Hartnett, mwenyekiti wa chama chetu cha mimea, anaihesabu Jumamosi. Mwanamke anayetamka Kilatini kama kasuku mwenye mafua! Asipoiona, rekodi inafutwa, kibao kinang'oka.
Kuungama kutasubiri.

Alhamisi, 11 Septemba
Binti yangu Glenys kanisukuma matutani kwa kiti cha magurudumu, chungu cha okidi nyingine ya dirishani nimekificha chini ya blanketi. Langoni nikamwambia aache kusugua magurudumu kwa dawa ya kuua ukungu wa mimea. Akagoma: baba, si wewe uliyeiandikia chama sheria hii? Alipofuata chai garini nikajitupa chini, nikapanda. Safi! Kuinuka ndiyo balaa. Akanikuta kifudifudi. Nikasema nilikuwa nasali. Akasema mara ya mwisho nilisali siku ya harusi yake, na niliomba mvua.

Jumamosi, 13 Septemba
Wazee kumi na wawili wa chama wamepiga magoti, kila mmoja na fremu yake ya mraba ya kuhesabia mimea, makalio yakielekea kusini, Antaktika. Nola akapiga kelele: ipo! Nikatoa chozi. Kisha akatoa kioo cha kukuzia.
“Mervyn mpenzi, tangu lini mchanga wa bahari una vipunje vyeupe vya udongo wa vyungu wa dukani?”
Sikuosha mizizi! Mimi! Nikasema ni maganda ya konokono.
“Konokono wa duka gani?”
Wakacheka hadi fremu zikaanguka. Nikaungama yote, na ya 1984. Kibao kiling'olewa papo hapo. Glenys, damu yangu mwenyewe, ndiye aliyeshika koleo.

Jumatano, 17 Septemba
Nola kaleta supu ya malenge. Haina ladha, kama mpishi. Kanishika mkono, kasema wamenisamehe. Chama kizima kitakuja kunizika, kwenye makaburi yale ya juu ya matuta. Nikafumba macho kama mtakatifu.
Alipotoka nikamwita Glenys. Dirishani kimebaki chungu kimoja cha okidi. Aipande pale kaburini siku moja kabla ya mazishi. Watu wa mimea msibani hutazama chini tu. Lazima mmoja ataiona.
Na safari hii, mizizi ioshwe.