Wakati Babu Anakaza Nyuzi

Jumatatu, 3 Novemba

Nimekataliwa! Na babu yangu mwenyewe, mezani, mbele ya viazi.

Jumamosi hii klabu ya nyimbo za jadi ya hapa bondeni inatimiza miaka hamsini. Wageni wa heshima ni wale wale walioifungua: Babu Wilf na gitaa lake la blues, na Norris Tattersall na konsetina yake, kile kinanda kidogo cha kuvuta na kubana kinachomfanya aonekane kama mtu anayejaribu kufunga sanduku lililojaa nguo. Wazee wawili, umri wao ukijumlishwa unakaribia ule wa reli. Mimi ndiye ninayewaendesha kila waendako, kwa kuwa macho ya mmoja na goti la mwingine vimewanyima leseni. Mimi ndiye meneja wao. Hawajui, lakini ndiye.

Nimeomba jambo moja tu maishani. Jumamosi nisimame katikati yao, niimbe utenzi wangu, "Binti wa Kinu cha Sufu". Beti thelathini na moja. Anazama mferejini. Babu amesema nijiandikishe na waimbaji wa ukumbini, wale wanaopewa nyimbo mbili mbili kabla ya wageni kupanda. Pamoja na Clive fundi bomba, anayeimba habari za nyangumi! Mimi, mwenye shahada ya uzamili katika tenzi za kale! Norris, ambaye hula kwetu kila Jumatatu, akadakia mdomo umejaa kabichi: "Profesa, nafasi haipo. Babu yako akianza kukaza nyuzi, hata Krismasi inasubiri."

Nimeondoka mezani kwa hadhi. Nimerudi kuchukua pudini.

Jumanne, 4 Novemba

Nimewaza kutwa. Norris, kwa ujinga wake, amenipa ufunguo.

Kila wimbo wa Babu unataka nyuzi ziwekwe kivyake. Basi wimbo ukiisha, anazungusha vile vigingi vya kukazia kwenye kichwa cha gitaa, anasikiliza, anazungusha tena, na huku mdomo unakwenda. Yule mbuzi aliyepanda gari lao Barnsley. Yule mama mwenye nyumba ya wageni Hull aliyewafungia nje na soksi zao ndani. Konsetina haikazwi, hivyo Norris hana kazi isipokuwa kumkatiza: "Muongo huyo, mbuzi alikuwa wangu!" Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Hadithi zile zile tangu sijazaliwa. Wengine wanazimalizia wao wenyewe!

Nusu ya usiku inapotelea huko. Nusu nzima! Utenzi wangu ungeingia humo na nafasi ikabaki.

Nimekwenda mjini Halifax. Nimenunua kidude cha kubana kwenye kichwa cha gitaa. Kinasikiliza uzi, ukiwa sawa kinawaka kijani. Kufumba na kufumbua, kazi imekwisha.

Jumatano, 5 Novemba

Nimempa Babu kidude kama zawadi. Amenibusu kwenye paji la uso, akasema sijawahi kumnunulia kitu tangu ile miwani ya plastiki. Nilihisi hatia. Ikapita.

Alhamisi, 6 Novemba

Usiku wa kawaida wa klabu, ghorofani kwenye baa ya Kondoo Mweusi. Jaribio kamili.

Wimbo. Kijani. Wimbo. Kijani. Mara moja Babu alifungua mdomo kuanza habari ya mbuzi, akatazama taa, ikawa kijani tayari, akaufunga. Nilijivuna kama tausi. Hatimaye, sanaa!

Ila watu hawakucheka. Walikaa kama wamekuja kusomewa wosia. Kufika mapumziko wazee walikuwa wamemaliza kila wimbo wanaoujua, na Norris akaninong'oneza akiuliza kama waanze tena na ule wa kwanza.

Kisha Bi Doreen Sugden, anayeuza tiketi za bahati nasibu na kujifanya ndiye mwenye klabu, akanibana kwenye ngazi. Wazee hawajasimulia hata hadithi moja; niambie kweli, kipenzi, nani anakufa? Nikasema hakuna. Akanifinya mkono, machozi yakimlengalenga. "Jasiri kama nyanya yako," akasema, akaenda kuwaambia watu wote.

Ijumaa, 7 Novemba

Mji mzima unaomboleza! Dukani kwa mwokaji nimepewa pai ya nyama bure, nimpelekee Babu "angali anaweza kutafuna". Mbele ya posta nimeambiwa kwamba ni Norris. Mapafu.

Mchana Norris alimpigia Babu simu kumfariji. Babu naye alikuwa amekwisha sikia, akaanza kumfariji Norris. Wamefarijiana kwa saa nzima, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa kuficha ugonjwa kiume. Babu aliingia jikoni macho mekundu. Amesema amempa Norris yule mbuzi. Amekubali, kwa kinywa chake, kwamba mbuzi alikuwa wa Norris! Ubishi wa miaka arobaini, umekwisha hivi hivi.

Ningewaambia ukweli. Kweli ningewaambia. Lakini ukweli ungefika kwenye kidude, na kidude kingerudi Halifax. Isitoshe, kwa kuwa nyimbo zao sasa zinaisha kabla ya mapumziko, sehemu ya pili ya Jumamosi ni tupu. Nikamwambia Babu kwamba Norris anahitaji kupumzishwa, ila anaona aibu kuomba. Nikamwambia Norris vivyo hivyo kuhusu Babu. Wote wawili wamejibu neno moja: basi mwacheni Hester aimbe.

Hester ni mimi. Ushindi!

Jumamosi, 8 Novemba

Nina hasira! Nitaandika hivyo hivyo.

Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Kila mtu na leso. Clive aliimba nyangumi wake akilia. Bi Doreen alichezesha bahati nasibu, zawadi boga kubwa kama mtoto mchanga, na aliyeshinda hakutabasamu. Wazee waliimba sehemu yao ya kwanza, kijani, kijani, kijani, wakaketi wakitazamana kwa huruma.

Sehemu ya pili nikasimama. Katikati yao! Ubeti wa kwanza ukumbi ulinyamaza. Nikafika kwenye kiitikio, ambacho nimekitunga kiimbwe na sauti moja ya kike, peke yake, kama ukungu juu ya maji: *Maji baridi, maji baridi, nifunike taratibu.*

Kufika ubeti wa pili walikuwa wamekikariri. Ubeti wa tatu, wakakivamia. Clive sauti ya chini, Bi Doreen juu kabisa, meza ya pembeni katikati. Miguu ikapiga sakafu. Vikombe vya bia vikapiga meza. *Maji baridi! Maji baridi!* Mtoto wa watu anazama, na wao wanamsukuma kwa furaha!

Nikasimamisha wimbo. Nikawaambia wanyamaze tafadhali, kiitikio ni changu.

Lo! Katika chumba kile mtu anaweza kulewa, kupotoka sauti, hata kusahau wimbo wake katikati, na atapigiwa makofi. Lakini katika miaka hamsini hakuna aliyewahi kuwaambia watu wasiitikie. Clive alishusha kikombe chake taratibu. Mtu mmoja akaanza kutafuta koti. Nilitazama mlango, nikaona uko mbali sana.

Ndipo niliposikia *kriii*. Babu alikuwa amekibandua kidude, amekitia mfukoni, na ameulegeza uzi mnene mpaka unaning'inia. Akaanza kuukaza. Polepole. Akasema, bila kuinua macho, kwamba mjukuu wake huyu alipokuwa na miaka minne alipanda kiti cha jikoni kumwimbia paka, na paka alipokoroma akampiga kofi, akamwambia asimwingilie.

"Muongo huyo," akasema Norris. "Paka alikuwa wangu!"

Ukumbi ukapasuka. Watu walicheka kama waliozuiliwa tangu Alhamisi. Norris, akijifuta machozi, akamuuliza Babu mbele ya wote anakufa lini hasa. Babu akasema, mimi? Si wewe? Wakageuka wote wawili kunitazama. Bi Doreen naye. Mimi nikatazama dari. Ina ufa.

"Basi nirudishie mbuzi wangu," akasema Babu, na akaendelea kukaza. Akasimulia mbuzi. Akasimulia soksi. Ukumbi mzima ukammalizia. Na alipopiga nyuzi zote pamoja, zilikuwa kwenye sauti yangu. Ya utenzi wangu! Akanitikisia kichwa. Norris akavuta konsetina.

Nimeimba beti zote zilizobaki. Kila kiitikio wamemzamisha yule binti upya, kwa sauti nne. Ulipokwisha hawakutaka uishe, wakarudia kiitikio mpaka mwenye baa akapanda kuuliza kuna nini.

Nilikuwa katikati yao, kama nilivyoomba. Sijawahi kudhalilishwa namna hii.

Jumapili, 9 Novemba

Asubuhi nimekikuta kidude kwenye sahani yangu, kando ya yai. Babu alikuwa anapiga mluzi. Ule wimbo wangu, na kwa mwendo wa haraka.

Norris amepiga simu. Amesema mimi, Profesa, nije tena Alhamisi, na kila Alhamisi. Beti ni zangu, kiitikio ni chao. Nimemjibu kwamba nitafikiri.

Nimefikiri. Naona sasa nilipokosea. Kidude hakikuwa na kosa lolote, kosa ni gitaa. Kitu chenye nyuzi kitalegea tu, na kikilegea mbuzi anapanda gari. Kuna mjane Huddersfield anauza konsetina ya marehemu mumewe, na siku ya kuzaliwa ya Babu ni Desemba. Vidole vyake bado vyepesi, atajifunza. Kesho naifuata.

Konsetina haikazwi. Tuone sasa atasimulia saa ngapi.