Kengele ya Baba na Macho ya Kaka Zephaniah

Mbololo,
14 Septemba 1956

Kwa Baba Mkubwa Obadiah,
Karani wa Baraza la Wazee wa Kanisa.

Kwa heshima nyingi, Baba Mkubwa,

Najua mashamba yetu yanapakana na ningeweza kuja kusema kwa mdomo. Lakini mbele yako sauti yangu hupotea, na kwa kuwa shule nilimaliza mwaka jana, naona niitumie kalamu kabla haijanisahau.

Kwanza nawashukuru wazee kwa kumwondoa baba yangu, Thadeus, kwenye kengele aliyoipiga miaka kumi na tisa. Sababu tumeielewa. Mhubiri Musyimi alimwekea mikono machoni mara tatu mbele ya watu wote, baba akabaki kipofu vilevile. Kanisa lililotembelewa na miujiza haliwezi kuitwa ibadani na mtu aliyeiaibisha. Hata hivyo ninayo malalamiko madogo.

1. Mlisema baba hana imani ya kutosha. Nimesoma kwamba yule kipofu wa Bethsaida alipoguswa mara ya kwanza aliona watu kama miti inayotembea, ikabidi aguswe tena. Sikuona palipoandikwa kwamba baada ya mguso wa kwanza alinyang'anywa kazi. Labda Bwana Yesu hakuwa na baraza la kumshauri.

2. Bartimayo aliulizwa kwanza anataka afanyiwe nini. Baba hakuulizwa. Aliinuliwa kitini akapelekwa mbele kama mbuzi wa mnada. Angeulizwa, angesema anataka waya mpya, maana kengele yetu ni kipande cha reli, na waya unaokishikilia aliupapasa akaukuta umeliwa na kutu. Amewaambia tangu Pasaka. Pengine mlidhani ni maneno ya mtu asiyeona.

3. Kazi amepewa kaka Zephaniah, mwenye macho mawili na saa ya mkono. Hatulalamiki kwamba ni mwanao. Baba hujua wakati kwa kupapasa mishale ya saa yetu isiyo na kioo, wala hakuwahi kuchelewa. Kaka Zephaniah, Jumapili ya kwanza, alipiga saa nne badala ya saa tatu. Ya pili alipiga mapema mno, mama akaacha ng'ombe amekamuliwa nusu. Ya tatu hakupiga kabisa, kwa kuwa reli ilikuwa imeangukia baiskeli yake, ambayo aliiegemeza hapo mwenyewe, mchana, akitazama.

4. Wanafunzi walipouliza nani alitenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, walijibiwa kuwa si yeye wala wazazi wake. Swali hilohilo Mama Mkubwa Loise alimwuliza mama kisimani, na wanawake wote wakanyamaza ili wasikie jibu. Mwisho wa habari ile, waliobaki vipofu ni wakubwa waliosema wanaona. Majina siyataji.

5. Kwa hiyo ninaomba baba arudishiwe nyundo yake ya kengele. Tena mhubiri akirudi, asiwasumbue vipofu. Wapangwe foleni wenye macho, kuanzia baraza, awaombee wafumbwe macho, angalau kila Jumapili mpaka saa sita. Baba yuko tayari kuwashika mkono na kuwaonyesha njia ya chooni. Sisi nyumbani kwetu tumechunguza sana, hatujaona faida yoyote ya macho.

Nisalimie Mama Mkubwa, wazee wote wa baraza, na kaka Zephaniah pamoja na baiskeli yake, nikiitakia ipone upesi.

Ni mimi mwanao mwenye adabu,
Wakesho Thadeus

N.B. Baba amenisikia nikijisomea barua hii, akauliza mbona sauti yangu inatoka ndani ya karatasi. Akapapasa, akakuta pua yangu imeigusa. Baba Mkubwa, ubao wa shule sijauona tangu darasa la sita. Mwalimu alidhani ni uvivu, nami niliona haya kusema. Sasa baba anasema kaka Zephaniah abaki na nyundo, mradi mhubiri akirudi mimi niwekwe mbele kabisa. Nami nataka. Nikiulizwa, nitasema kwa sauti kwamba nataka. Siku ile nilikaa nyuma, na kutoka pale ninyi nyote mlikuwa miti.