Natafuta Mtu Mwenye Shida

Jumatatu, 4 Machi

Niko mwaka wa pili wa shahada ya ustawi wa jamii na bado sijamsaidia mtu yeyote. Leo mambo yamebadilika. Mkufunzi wetu wa mafunzo kwa vitendo ametangaza kwamba kila mwanafunzi atafute mteja mmoja, amwombe ridhaa, kisha amsikilize mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Alikazia hapo kwenye kusikiliza. Hakuna kushauri, akasema. Hakuna kutatua. Alinitazama mimi alipokuwa akisema hayo, sijui kwa nini. Atakayeshindwa atarudia mwaka.

Kiranja tayari ameshaanza. Ni mwenzetu darasani. Tunamwita hivyo kwa sababu anahudhuria hata mihadhara isiyoitwa majina. Yeye amepangwa hospitali kuu, dawati la ustawi. Huko shida zinajileta zenyewe. Mimi nimepangwa ofisi ya mtaa. Tangu nifike amekuja mtu mmoja, akauliza choo kiko wapi.

Nimemweleza Shangazi wakati wa chakula. Shangazi ni dada yake baba, ndiye aliyenilea na ndiye anayenisomesha. Anashona sare kwenye kiwanda cha nguo. Siku zote husema shahada yangu ni umbea wenye cheti. Leo hakunitania. Alisema tu vizuri, mwanangu, akaenda kujilaza. Uchovu wa kiwanda huo.

Jumanne, 5 Machi

Mteja nimempata. Mlango wa pili kutoka wetu. Ni refa mstaafu, anaishi peke yake. Kwenye kichanja chake cha vyombo pameanikwa sahani moja tu. Na kila jioni filimbi inalia humo ndani, mara moja, halafu kimya. Kwa nini mtu apulize filimbi chumbani mwake? Swali hili limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nimehitimisha: upweke mkali.

Nikagonga. Nikamwambia, kwa sauti ya upole tuliyofundishwa, kwamba nimekuja kwa ajili ya upweke wake. Akauliza upweke gani. Nikamwambia hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Akasema wanawe wanampigia kila siku, mpaka huzima simu apate kuangalia mpira kwa raha. Nikaandika: anajitenga na familia.

Kuhusu ridhaa, hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Alifunga mlango, jambo linaloweza kutafsiriwa kwa namna nyingi.

Asubuhi nilimkuta Shangazi akipiga pasi sare yake ya kiwandani mpaka mikunjo inakata. Nikamuuliza kwa nini ahangaike hivyo na nguo ya kazi. Akasema mtu akiwa nadhifu haulizwi maswali. Sentensi nzuri. Nitaitumia kwenye ripoti.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Refa haendi kwa watu; basi watu wamwendee Refa. Nilibandika tangazo kwenye lango la jengo letu: mwenzetu anahitaji faraja, tukutane kwake saa kumi na moja jioni. Sikutaja upweke, kwa kulinda usiri wake. Nilitaja namba ya chumba tu.

Walijaa mpaka kwenye ngazi. Nikafurahi sana, hadi nilipoona nyuso zao. Kumbe kila mtu alidhani kafa.

Mama wa ghorofa ya juu alikuwa analia kwa kwikwi. Fundi bomba alikuwa amesimama kwenye ngazi akisimulia jinsi marehemu alivyomtoa uwanjani bila kosa ujanani, na kwamba leo, mbele ya wote, amemsamehe. Hapo Refa akafungua mlango, kaptula mwilini, mpira unaendelea kwenye televisheni. Fundi bomba akautazama umati, akamtazama Refa, akasema msamaha ameuondoa.

Refa akanitafuta kwa macho. Hakupaza sauti. Aliingia ndani, akatoka na kadi nyekundu, akaninyanyulia mbele ya jengo zima. Nikaona kwa kuwa tumeshaonana nimuulize filimbi ya jioni ni ya nini. Alionyesha tu njia ya kutokea.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni kwetu. Kumbe alikuwa amewahi kurudi. Nikamuuliza imekuwaje, akasema zamu zimebadilishwa. Nilikuwa na mengi kichwani.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeitwa kwa Mkufunzi. Refa alikuwa amenitangulia asubuhi na mapema, akaeleza kila kitu. Kwanza, filimbi ni birika lake la chai. Nimeshukuru kujua. Nikauliza kwa nini chai yenyewe iwe ya jioni tu. Mkufunzi akasema hilo halinihusu.

Akasema kazi yetu ina ridhaa, ina usiri, ina heshima, na mimi nimefaulu kuvivunja vyote kwa tangazo moja la mstari mmoja. Nikamwomba msamaha, na nilimaanisha. Akalegea kidogo. Akasema nitafute mteja mwingine kabla ya Ijumaa, ama nirudie mwaka. Halafu akaniambia nimtazame Kiranja anavyofanya kazi.

Amri ya Mkufunzi ni amri. Nitamtazama.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemfuata Kiranja hospitalini. Ili nisitambulike nilijifunga bandeji mkono mzima. Muuguzi mmoja akaona bandeji imefungwa ovyo, akanivutia chumba cha vidonda. Alipoifungua akakuta mkono wangu hauna hata mkwaruzo. Akaniuliza nimekuja kuugua nini. Nikachomoka bandeji ikiburutika sakafuni.

Kiranja alikuwa kwenye ukumbi wa wagonjwa wa nje, benchi la ukutani, kando ya mwanamke mmoja. Nikajibanza nyuma ya nguzo. Hawakuwa wakizungumza. Kiranja hana kalamu, hana karatasi, mikono mapajani tu. Nikashangaa: ndiyo kazi anayosifiwa hiyo? Yule mwanamke ameinama, anamshonea mzee aliyeketi upande wake wa pili mfuko wa koti uliochanika. Sindano inakwenda kama inajua njia. Nikamtazama vizuri. Amevaa sare ya kiwandani. Mikunjo inakata.

Shangazi.

Nikajua anaumwa na amenificha. Nikatoka nyuma ya nguzo. Kiranja aliniona akasimama, akanitazama mimi, akamtazama Shangazi, akatutazama tena pua zetu. Niliona wazi kwamba hakujua mpaka dakika ile. Akasema anakwenda kutafuta maji ya kunywa. Alichelewa kurudi, na nadhani alichelewa kwa makusudi.

"Huumwi, Shangazi?" nikauliza.

"Siumwi. Keti, mwanangu. Ila nyamaza kwanza."

Nikaketi. Akanieleza huku anamalizia mfuko. Kitengo chao kiwandani kilifungwa mwezi uliopita. Tangu hapo kila asubuhi anavaa, anatoka, anakuja kukaa hapa. Hospitali, akasema, ndipo mahali pekee mtu anaweza kukaa kutwa asiulizwe anangoja nini.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambia ungeacha chuo ukanitafutie kazi," akasema. "Mimi ningekosa kazi na wewe ungekosa shahada."

Nilitaka kubisha. Nikamkumbuka fundi bomba kwenye ngazi, aliyeongea kabla ya kujua, nikaacha. Nilikuwa nikifikiria sahani ya Refa, ile niliyoichunguza kutoka mbali na kuiandikia hitimisho. Ya Shangazi ilikuwa mbele yangu kila jioni, imebaki nusu, na mimi nikimaliza kuongea namuuliza kama hiyo iliyobaki naweza kuila. Macho yakaniwasha. Shangazi akakata uzi kwa meno, akamrudishia mzee koti lake, kisha akanifunga bandeji vizuri, maana alisema nikitembea hivyo nitaangusha watu.

Akanitaka ahadi: nisifanye lolote. Kuna jambo analisubiri mwenyewe. Jambo gani? Hakusema. Nikaahidi.

Jumatano, 13 Machi

Niliahidi nisifanye lolote. Kwenda kiwandani kuuliza swali si kufanya. Ni kuuliza.

Nikavaa tai. Nikamwambia mlinzi natoka ustawi wa jamii, jambo ambalo lina ukweli ndani yake. Meneja akanipokea vizuri, hata kiti akakifuta. Nikaanza na wajibu wa mwajiri kwa mfanyakazi. Mhadhara huo niliuhudhuria nusu ya kwanza tu, na nusu hiyo ilihusu wachimba madini. Alisikiliza kwa muda habari za vumbi la mgodini, kisha akauliza zinaingiaje kwenye kiwanda cha nguo. Nikasema ndiyo maana nimekuja, tutafakari pamoja.

Akauliza nani kanituma. Nikasema siwezi kumtaja, ni usiri. Akanikagua. Akauliza kama ni yule mama wa mashine ya dirishani, mbona pua ni ileile. Nikanyamaza kitaalamu. Meneja akachukua simu akampigia palepale, akamuuliza kama amemtuma wakili, na kama huyo wakili ana uhakika na alichosomea.

Ambacho sikukijua: saa ileile Shangazi alikuwa ofisini kwa Matroni, mkuu wa wauguzi, akifanyiwa usaili. Hospitali inatafuta mshonaji wa mashuka na magauni ya wagonjwa, na Matroni alikuwa amemwona mara kadhaa akiwashonea watu nguo pale benchini. Hilo ndilo jambo alilokuwa akilisubiri. Simu ikalia katikati ya usaili. Meneja ana sauti ya kushindana na mashine. Matroni alisikia yote.

Shangazi amerudi. Ameniambia hayo kwa kifupi, hajanisemesha tena. Naandika nikiwa jikoni. Nimeosha vyombo vyote. Sasa naosha visafi.

Ijumaa, 15 Machi

Amepata. Anaanza Jumatatu.

Amenisimulia leo asubuhi, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita amemaliza sahani yake. Baada ya simu ile Matroni aliuliza mpwa huyo ni mtu wa namna gani. Shangazi akaona hana cha kupoteza, akamweleza yote kuanzia kadi nyekundu. Matroni akacheka mpaka akajifuta machozi. Akasema mwanamke aliyelea mtu kama huyo ataweza kukaa na wodi yoyote. Ametoa sharti moja tu: mimi nisikanyage chumba cha kushonea.

Kwa hiyo ukilitazama jambo hili kwa undani, kazi nimempatia mimi. Shangazi anasema sivyo kabisa. Ni mtu asiyependa kusifu.

Nilimtafuta Kiranja nimuulize alimfanyia nini Shangazi hata akafunguka. Akasema alikaa. Nikamuuliza alimwambia nini. Akasema alimuuliza kama pale kando yake pana mtu. Baada ya hapo? Akasema mengine ni ya Shangazi, nikamuulize mwenyewe. Mbinu anaijua, ila anaificha. Siku moja nitaipata.

Kisha nikaenda kwa Mkufunzi kujieleza. Habari za kiwandani zilikuwa zimemfikia. Ameniongezea muda wa mwisho, mteja mpya, na safari hii niseme kidogo nitazame zaidi. Basi nikaanza kutazama papo hapo, nikianzia na yeye. Na nimegundua jambo ambalo darasa zima limelikosa. Kila nikifungua mdomo, Mkufunzi anavua miwani. Anafumba macho. Anashika paji la uso kwa mikono miwili. Nilipomweleza kuhusu wachimba madini alilaza kabisa kichwa mezani.

Nimewauliza wenzangu. Wote wanasema mbele yao hafanyi hivyo hata kidogo. Maana yake ni kwamba ni mimi peke yangu anayeniamini kiasi cha kuacha yaonekane. Mkufunzi ana mzigo mzito moyoni, na hakuna aliyewahi kujiuliza unatoka wapi.

Jumatatu naanza naye.