Kimondo Alipokwama Juu ya Tanki

Leo nimeaibika mchana kweupe, jamani, tena nikiwa nimefunga kitambaa chekundu shingoni na nyota ya karatasi kifuani. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana wao wataongeza chumvi. (Na wala haihitaji chumvi.)

Kwa msionifahamu, naitwa Anitha. Nakaa Picha ya Ndege, Kibaha, nina kiduka cha stesheneri. Natoa kopi, nachapa barua za watu, na wateja wakikosekana nachora. Rafiki yangu ni Zuhura. Tulikutana kidato cha kwanza kule Mlandizi, tukapangwa dawati moja, na kwa miaka kumi na moja hatujawahi kununiana zaidi ya siku mbili. Siku hizi yeye yuko Kisarawe, anashona sare za shule.

Mimi na Zuhura tuna kitabu cha katuni. Tulikianza tukiwa shule, mwaka huu tumekimaliza, nikakichapa mwenyewe pale dukani. Kinahusu mashujaa wawili, Kimondo na Kivuli. Kimondo anaruka angani na haogopi kitu. Kivuli anapenya kuta. Wanapambana na Bwana Jana, jambazi anayewaibia watu siku ya jana, hivi kwamba mji mzima ukiamka haukumbuki hata ulikula nini. Mpaka hapo mnanielewa. Tatizo linaanza ukurasa wa tisa, Bwana Jana anapogundua kuwa na yeye aliibiwa. Ukurasa wa kumi na mbili Kivuli anakufa. Ukurasa wa kumi na tatu anahudhuria msiba wake mwenyewe, anasaidia kupika. Aliyeandika ni Zuhura, mimi nilichora tu. (Yeye anadai mimi ndiye niliyechanganya kurasa. Kesi haijaisha.)

Sasa, Zuhura anashona sare za shule moja ya msingi huko Kisarawe. Mwalimu Mkuu alikiona kitabu mezani kwa Zuhura, akakipenda, akatualika leo Jumamosi tukiigize mbele ya watoto na wazazi, kwenye siku yao ya kusoma. Akasema watoto wakikifurahia atawaambia walimu wakuu wenzake. Kwetu hilo halikuwa jambo dogo. Kitabu chetu kimesomwa na watu sita, na wanne ni ndugu zetu.

Kuna jambo moja Zuhura alikuwa halijui. Mimi naogopa kupanda juu. Nikipanda stuli kubadilisha taa, namwita jirani aje anishike. Nilianguka kutoka juu ya ukuta nikiwa darasa la tatu, nikavunjika mkono, na tangu hapo miguu yangu haitaki kabisa kuachana na ardhi. Mwanzoni nilimficha Zuhura kwa aibu. Baadaye akamwandika Kimondo, akanisomea, akasema, "Huyu ni wewe, Anitha. Mtu asiyeogopa." Nikakosa pa kuanzia.

Saa tatu asubuhi nilikuwa Kisarawe. Zuhura akanivalisha, akanizungusha, akaridhika. Kisha akaninyooshea kidole katikati ya uwanja wa shule. Kulikuwa na mnara wa chuma, juu yake tanki jeusi la maji, na ngazi nyembamba imefungwa ubavuni.

"Kimondo unatokea kule," akasema.

"Kule wapi?"

"Juu. Unapanda sasa hivi, unajificha nyuma ya tanki. Mimi nikishauawa, unajitokeza, unasema maneno yako, unashuka. Mlinzi anapanda kila wiki, anasema ni imara."

"Siwezi kutokea nyuma ya darasa?"

"Nyuma ya darasa kuna choo, Anitha. Watafikiri Kimondo anatoka chooni."

Pale ndipo nilipaswa kusema ukweli. Lakini watoto walikuwa wameshaanza kutoka madarasani na viti vyao, wazazi wanapanga mabenchi, na Zuhura ananitazama kama miaka yote. Nikasema sawa.

Ngazi ina vipago kumi na tisa. Nimevihesabu. Kufika cha tano viganja vilikuwa vimelowa jasho, chuma kinateleza. Cha tisa, ngazi ikatikisika. Nikaangalia ilipofungwa kwenye mnara, nikaona tundu ambalo nati yake haipo. Cha kumi na mbili nilifumba macho na sikuyafumbua tena mpaka kichwa kilipogonga ubao wa juu. Nikapanda kwa tumbo kama kenge. Nikalikumbatia tanki.

Nilikaa kule robo saa. Nilikuwa nasikia kila kitu chini. Upepo ukija, mnara unalia kidogo. Mimi najiambia, Anitha, umekaa tu, hakuna anayeanguka akiwa amekaa. Halafu nakumbuka kwamba nitatakiwa kusimama. Nilisali sala zote ninazozijua, na nilipomaliza za kwangu nikaongeza chache nilizojifunza kwa Zuhura.

Chini, Bwana Jana alikuwa ni Mwalimu Lugano, anayefundisha hisabati. Nikamsikia akicheka kicheko cha ujambazi, nikamsikia Zuhura akifa. Alikufa kwa muda mrefu, kwa kujituma. Ilikuwa zamu yangu.

Nikasimama. Nikajisogeza mbele ya tanki na, kwa ujinga ambao hata sasa siuelewi, nikaangalia chini.

Watoto kama mia mbili, nyuso zote zimeinuliwa. Zuhura amelala chali, amefunikwa khanga. Uwanja ukaanza kuzunguka taratibu.

Nilitakiwa kusema, "Mimi ni Kimondo, siogopi kitu." Nikasema, "Mimi ni Kimondo, naombeni mnishushe."

Watoto wakapiga makofi. Walidhani ndiyo hadithi yenyewe.

Nikatafuta cha kushika. Pembeni kulikuwa na bomba linalotoka ubavuni mwa tanki. Nikalikumbatia kwa mikono miwili na kwa nguvu zote za mwili wangu, likachomoka. Maji yakanipiga tumboni, yakashuka mapajani, yakaingia kwenye suruali, yakatokea miguuni, yakaanza kudondoka kutoka kwenye ubao mbele ya shule nzima.

Katoto ka mstari wa mbele kakasema kwa sauti ya kuhurumia, "Mwalimu, Kimondo amejikojolea."

Mwingine akanitetea. "Siyo mkojo. Ungekuwa mkojo ungeshaisha."

Wazazi wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nalia, na sikuwa nalia kidogo. Nilishindwa kwenda mbele, nilishindwa kurudi nyuma, vidole vimeganda kwenye kipande cha bomba ambacho hakijashikana na kitu chochote.

Ndipo khanga ikafunuka. Zuhura alikuwa ameinuka, anakimbia kwenye ngazi.

"Kivuli, wewe umekufa," mtoto mmoja akamkumbusha. "Lala."

Hakulala. Akapanda haraka, akafika, akapiga magoti kwenye maji, akanishika uso.

"Anitha, niangalie mimi. Unaogopa?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Tangu lini?"

"Darasa la tatu."

"Miaka yote hii nakurusha angani, na wewe unanyamaza?"

"Ulikuwa unafurahi nikiruka."

Nilidhani atakasirika. Akanifuta kamasi kwa kona ya kitambaa changu chekundu. "Na mimi nikuambie kitu," akasema kwa sauti ya chini. "Ile hadithi sijawahi kuielewa. Nilikuwa nasubiri wewe unieleweshe."

Nikacheka huku nalia, na vidole vikaachia bomba. Akatangulia kwenye ngazi, akabaki kipago kimoja chini yangu, mikono yake imepita pande zote mbili za mwili wangu. Kama ningeteleza, tungeanguka wote, na alilijua hilo.

"Mguu wa kulia. Nimekushika. Sasa wa kushoto."

Kwa bahati mbaya watoto walimsikia. Wakaanza kuitikia, watoto mia mbili, "Kulia! Kushoto! Kulia! Kushoto!" mpaka chini kabisa. Na aliyekuwa ameshikilia ngazi isitikisike ni Bwana Jana. "Taratibu, dada, usiwe na haraka," ananiambia, ndevu zake za pamba zimelowa maji yangu.

Nilipokanyaga ardhi nilikaa palepale kwenye matope. Zuhura akakaa pembeni yangu.

Mwalimu Mkuu akaja na kitenge, akanifunika mabegani. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," kana kwamba ndiyo kwanza nafika.

"Marahaba. Pole, mwanangu." Akatuangalia wote wawili. "Hadithi yenyewe sijaielewa hata kidogo. Huyu amekufa, amefufuka, jambazi anashika ngazi. Lakini watoto wangu hawajawahi kufuatilia hadithi namna ile. Mwezi ujao mtakuja tena?"

Zuhura akaniangalia mimi kwanza. Nikasema tutakuja, ila tutaigizia darasani, tena sakafuni.

Niko nyumbani sasa, nimeoga, nimekunywa chai. Nilichojifunza ni kwamba kama kuna kitu unakiogopa, mwambie rafiki yako ukiwa bado uko chini. Na wewe unayecheka, Kisarawe siyo mbali. Nenda kapande, tuone.