Nilivyolifungua Kifua Gari la Shangazi Argia

Jumatatu, 4 Novemba
Ukungu tangu alfajiri. Gari la Shangazi Argia lilitema moshi mweusi mbele ya kanisa mpaka padri akafunga dirisha. Ni shangazi wa mke wangu Mafalda, ana miaka themanini na minne. Huendesha mara mbili tu kwa wiki, misani na makaburini kwa marehemu mumewe Oreste. Kilomita tatu, gia ya pili, kama amebeba trei ya mayai. Ijumaa gari lina ukaguzi. Likishindwa kipimo cha moshi, halitaruhusiwa barabarani.
Alishatamka mezani kwamba siku akiacha kuendesha, gari litakwenda kwa aliyelitunza. Tunaolitunza tuko wawili, mimi na shemeji yangu Learco. Learco amelishonea kava za viti. Mjanja! Lakini injini ile haiumwi. Imejaa masizi kwa kuendeshwa kinyonge. Inataka kukanyagwa tu.

Jumanne, 5 Novemba
Nilimweleza Learco mpango wangu. Kosa kubwa. Akatangaza baa nzima kwamba nikilikamua gari la bibi kizee nitarudi na usukani mkononi. "Shemeji Ermete, wewe hata mashine ya kusagia kahawa uliiunguza!" Watu wakacheka. Sikucheka.
Tukaenda kwa fundi Nives atuamue. Alijibu akiwa chini ya lori, miguu tu nje. Alisema kila mmoja ana nusu ya ukweli. Injini ikishapata moto, na oili ikiwa ya kutosha, kuikanyaga barabara kuu hakuiui. Gari linalotambaa kila siku hata linapata nafuu, masizi yanaungua. Ila kuikanyaga ikiwa baridi, au oili imepungua, ni kuichinja. Akaendelea na maelezo ya namna ya kupima oili. Mimi nilishaondoka. Nusu yangu ilinitosha.

Jumatano, 6 Novemba
USHINDI! Baada ya chakula nilimpitisha Shangazi mji mzima, injini ikapata moto, kisha barabara kuu. Gia ya tatu, mguu mpaka chini. Nyuma yetu moshi kama tairi linachomwa. Halafu kidogo. Halafu hakuna! Gari likanguruma kama kijana. Nilidhani Shangazi anasali. Kumbe anasoma kipimo cha mwendo kwa sauti. Akasema Oreste hakuwahi kumwendesha namna ile maisha yake yote. Akaomba turudie.
Nikapita baa kumwambia Learco. Alimaliza mvinyo wake kwa mkupuo mmoja. Siku nzuri sana.

Alhamisi, 7 Novemba
Nilitaka kumalizia masizi ya mwisho. Saa moja asubuhi, peke yangu. Barafu kwenye kioo. Kusubiri injini ipate moto? Magari ya mashindano hayasubiri. Moja kwa moja barabara kuu, mguu chini. Taa nyekundu ikawaka. Nikasema ni hitilafu ya balbu.
Kisha mgongano ndani, kama fundi chuma amefungiwa na anataka kutoka. Kisha kimya.
Nives alikuja kulivuta. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akanionyesha. Kikavu. Akakirudisha, akafunga mnyororo wa kuvutia, ingawa ningefurahi anitukane. Injini imenoki, haizunguki tena.

Ijumaa, 8 Novemba
Siku ya ukaguzi. Hakuna cha kukaguliwa. Mafalda amenificha ufunguo wa gari letu.
Nilikwenda kwa Shangazi kwa miguu, nikiwa na hadithi tatu tayari. Alipofungua mlango zikanitoka kichwani zote, nikasema kweli. Hakufoka. Aliuliza tu kesho atafikaje makaburini, maana ni tarehe waliyofunga ndoa. Nikaangalia viatu vyangu.
Learco alisikia. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akaja kwetu, akaweka ufunguo wa gari lake mezani, akasema, "Mpeleke, shemeji. Polepole."

Jumamosi, 9 Novemba
Nilimpeleka. Mwendo wa arobaini, nakula kiapo. Alifuta jiwe la kaburi kwa leso, akapanga maua, akaanza kuzungumza na mumewe. Nikasogea kando kwa heshima. Lakini nilimsikia: "Mia na thelathini, Oreste! Mia na thelathini!"
Niligeukia ukutani kidogo. Upepo.

Jumapili, 10 Novemba
Nimelala nikifikiri na nimeelewa kosa la Alhamisi. Nilianza vizuri, ila nilikanyaga kidogo mno. Masizi yaliyobaki ndiyo yaliyoua injini.
Na gari la Learco lilikohoa jana kwenye kilima, nimelisikia kwa masikio yangu. Maskini, hajui. Atakuja kulichukua baada ya misa. Nina saa moja na nusu. Nje barafu, barabara tupu.
Nimemwambia Shangazi anisubiri ndani ya gari. Ameshafunga mkanda.